Ni fashisme, ao ni woga tu?

Butembo, Kimemi. Mercredi, mwezi wa kumi na moja.

Mvua haijaacha tangu asubuhi, na baridi imeingia mpaka ndani ya blanketi. Niko na hasira. Naandika mu kaye hii ju sina mutu wa kuambia bila yeye kunijibu: nyamaza, Madame, utatuletea matatizo.

Leo nilifundisha fashisme. Iko mu programme ya histoire. Kila mwaka naifundishaka, batoto banaandika, banafunga kaye, inaisha. Niliandika ku tableau: chef mwenye haulizwi swali. Taifa yenye inasema imeumizwa, na adui iko ndani ya nyumba. Kupiga batu na kuita ile mapendo ya inchi. Chaki ilikuwa ingali mu mukono wakati musichana mumoja wa nyuma aliniuliza pole pole: "Madame, ile haiko sawa na ba jeunes ba kule Beni?"

Classe yote ikageuka kumuangalia, kisha kuniangalia mimi.

Nilimujibu kwamba tutarudilia ile siku ingine. Mwalimu muzima! Nilikimbia swali ya mutoto ju mudogo yangu, Kakule, iko kati ya bale bijana.

Kakule anafanya kazi ya taxi-moto, anakaa Mulekera, kule Beni. Rafiki yake aliuawa na bauaji ba mu pori ku njia ya Mbau, maiti ikalala pale siku muzima bila askari kufika. Ndipo Kakule akaingia mu mouvement, kikundi ya kulinda quartier yabo. Simulaumu kwa ile. Kule Beni batu banauawa, na serikali inafika nyuma, kuangalia tu. Kawaida yetu inajulikana: adui akionekana, filimbi inalia, na kila parcelle, kila nyumba na kiwanja yake, inapiga sufuria mpaka muji wote unasikia. Ile sufuria imeponesha batu mingi. Sitasema kinyume.

Mais sasa mouvement imepata chef. Anasema peke yake, bengine banapiga makofi. Na amesema: parcelle yenye haipigi sufuria ni ya complice, mutu mwenye anasaidia adui.

Dimanche, siku ya Mungu, nilikuwa kwa Kakule. Jioni filimbi ikalia. Nilitoka mbio na sufuria ya maharagi, nikapiga na mwiko mpaka mukono ukauma. Ilikuwa bure, hakuna adui alikuya. Lakini niseme ukweli, ju hapa ndipo nasemaka ukweli: nilisikia raha. Batu bote, sauti moja, na woga ikatoka mu tumbo. Na katikati ya ile raha nilijikuta naangalia parcelle gani imenyamaza.

Hata mimi.

Ilikuwa ya Mama Furaha, jirani ya Kakule, muuzaji wa makala, mwenye alikimbia vita ya kusini na batoto bake. Kesho yake asubuhi nilienda kumusalimia, nikamuuliza ju ya nini hakupiga sufuria. Aliniambia kule kwabo bauaji balifuata makelele. Mwenye alilia ndiye alikufa wa kwanza. Donc filimbi ikilia, yeye anaingiza batoto chini ya kitanda, anabafunga midomo na mukono. Alieleza ile pole pole, huku anapanga makala yake. Hakujua kama batu balikuwa bameisha kumusema.

Nilimuelezea Kakule yote. Alisikiliza, kweli alisikiliza. Kisha akasema chef ameisha kukata neno: vendredi, ni kusema kesho kutwa, banaenda kumufukuza, na kama anakatala, nyumba itachomwa.

Leo muchana alinipigia telefone, tukagombana. Nilimwambia ile munafanya ni fashisme. Alicheka kwanza, kisha akakasirika. Akanijibu mimi, dada yake mukubwa: "Yaya, bafashisti ba kitabu yako balikuwa na serikali, balikuwa na ndege. Sisi tuko na sufuria. Serikali ingetulinda, hata filimbi singeshika."

Ile ndiyo inaniuma. Iko na haki kidogo. Hawa ni bijana benye bamezika barafiki yabo. Tena neno yenyewe imechafuka: mu radio, kila mwanasiasa anaita mwenzake fashisti, na kisha yake banakunywa pamoja. Nikiitupa kwa Kakule, anafunga masikio, na chef anapata adui mupya, mwalimu wa Butembo mwenye kujifanya.

Mais nikingoja mpaka nipate neno yenye inafaa sawasawa, Mama Furaha atakuwa ameisha kuchomewa nyumba. Naamini kule Ulaya pia kulikuwa balimu benye balikuwa bangali banapima neno wakati jirani anatolewa mu nyumba yake. Mwanzo haifananaka na kitabu. Mwanzo iko hivi: batu bazuri bako na woga, kisha mutu mumoja anabaonyesha mulango ya kupiga.

Kama ile ni fashisme, sijui. Musichana wangu wa nyuma nitamujibu hivyo, siku nitarudi: sijui, mais uliuliza vizuri, na mimi nilikimbia.

Neno itangoja. Kesho naomba ruhusa kwa préfet, mukubwa wa masomo, naenda Beni, nalala kwa Mama Furaha. Nimeisha kumujulisha Kakule. Nilimwambia: "Vendredi mutanikuta mbele ya mulango yake." Kakule akakata telefone.

Bwana yangu anasema niko na wazimu. Labda. Naogopa, na hakuna mutu wa kunishika mukono.

Kakule, nilimubeba mu mugongo mimi mwenyewe, miaka ile mama alikuwa anashinda mu shamba. Hakuwa analala kama sijamuimbia. Vendredi atafika na benzake, na chef nyuma yabo. Ataona yaya yake, ao ataona complice?