Yowe Nililolipiga Darajani

Mama,

Nimerudi. Nimefika Itigi juzi, miguu imevimba kwa kukaa kwenye ndege, na begi bado sijalifungua. Nimeona nikuandikie kwanza, maana nakujua, huko uliko hujatulia. Mdogo wangu Rehema yuko salama. Nimelitanguliza hilo upumue, mengine yafuate.

Mji wake unaitwa Nykøbing, na usinicheke, hata mimi ulimi uligoma. Ni kweli alivyotuambia: mji umekalia visiwa viwili. Nyumba yake iko kisiwa cha Falster, kazi yake ya kutunza wazee iko ng'ambo, kisiwa cha Lolland, na katikati ni maji ya bahari yenye daraja. Halmashauri ni moja, pande zote. Nikamwambia, ajabu hii, sisi wa nchi kavu tupu, Manyoni na Itigi, tumegawana halmashauri, ninyi wenye bahari katikati mnatosheka na moja! Akacheka kile kicheko chake cha kukoroma. Hakijabadilika hata kidogo.

Unakumbuka ulivyokuwa ukimwuliza kwenye simu? "Kule Denmaki ukipiga yowe, nani anakuja?" Yeye anacheka, anasema, "Mama, huku hakuna fisi." Wewe hukucheka. Kwetu yowe likisikika mtu anaacha ugali, anakimbia, hata kama aliyepiga hamsalimiani. Wewe mwenyewe ulitoka na kanga moja usiku ule jirani alipounguliwa, na ulikuwa umenuniana naye tangu masika.

Siku zako za mwisho ulinishika mkono ukaniambia, "Tabu, yule mtoto hana watu." Kisha ukaenda. Rehema hakuja kukuzika, mimba ilikuwa inamsumbua na daktari alimkataza kupanda ndege. Mjomba akasema mbele ya waombolezaji, "Huyo tumeshampoteza." Nilimjibu, unanijua mimi sinyamazi. Lakini moyoni niliogopa, Mama. Niliogopa kwamba amesema kweli.

Alipojifungua akanitumia tiketi. Mtoto ni wa kiume, pua ni yako, pole yake.

Sasa sikia kituko. Asubuhi moja Rehema aliniambia twende ng'ambo akawaonyeshe mtoto wazee wake. Yeye alikuwa juu ya baiskeli yenye sanduku mbele, mtoto kalala ndani kama mzigo wa vitunguu. Mimi nilikuwa nyuma kwa miguu, baridi imenikaba koo. Amefika darajani, mara kengele ikalia, na barabara mbele yake ikaanza kuinuka. Barabara, Mama! Lami, mistari, vyote vinapanda juu, na chini maji meusi. Kumbe daraja lao linafunguka ili meli ipite, na yeye alikuwa amesimama nyuma ya kizuizi, ametulia, anamfunika mtoto. Mimi nitajuaje? Niliona mdogo wangu anamezwa na yale maji, yeye pamoja na mtoto wake.

Nikapiga yowe. Si kale ka kushtuka. Lile lenyewe, la kwetu, mkono mdomoni, mpaka mbavu zikauma.

Na wakaja.

Wakaja, Mama! Mwanamume mmoja aliitupa baiskeli yake barabarani. Wanawake wawili walitoka dukani na aproni zao. Dereva wa lori akaruka chini. Nyuma kabisa akaja mzee anayetembea kwa kusukuma kigari, nywele zote nyeupe, anatweta, anaita, "Rehema! Rehema!" kwa lafudhi yao. Ni mmoja wa wale anaowatunza, alikuwa katoka kununua mkate. Miguu hana, lakini alikuja.

Rehema alicheka mpaka akakaa chini, kisha kicheko kikageuka kilio, nami nikakaa chini nikalia naye. Alipowaeleza kwa Kidenmaki hawakunikasirikia. Yule wa lori alinipa chai kutoka kwenye chupa yake. Daraja liliposhuka, wanawake wale walisukuma baiskeli mpaka ng'ambo, na yule mzee akanishika mkono, sijui ni nani alikuwa anamvusha mwenzake. Jioni jirani zake wakaja mlangoni na keki kuuliza kama dada amepona hofu. Nilitaka ardhi inimeze.

Nimemweleza mjomba. Alikuna kichwa, akasema, "Basi hao ni watu." Kwa mjomba hiyo ni hotuba.

Kwa hiyo pumzika, mama yangu. Lile ulilokwenda nalo, liweke chini sasa. Kiangazi kijacho Rehema anakuja na mwanawe. Nakuahidi nitamshika yule mtoto mkono mpaka kaburini kwako, nimfundishe kukuamkia shikamoo, na hatutaondoka mpaka aitamke sawasawa.

Tangu tukuzike nimekuwa nalia vilio viwili, cha kwako na cha Rehema, hata sikujua kipi ni kipi. Cha Rehema kimekwisha. Kimebaki chako peke yake, na leo nimekilia vizuri.

Kwaheri, Mama.

Mwanao,
Tabu