Shemeji Hakuitoa Simu Yangu

Mwenzangu, acha unachofanya usome hapa.

Nilikuwa narekebisha ile programu yangu ya ujumbe wa siri, simu ya majaribio ikalia. Ujumbe wa shemeji! Anamwandikia bosi wake: "Hii programu nimeiunda mwenyewe, mkuu. Shemeji yangu alikuwa ananiletea chai tu."

Chai! Mimi, chai!

Nimesoma mara tatu, unajua sipendi kumhukumu mtu haraka. Kuichukua hajaiba, ni programu huria, yeyote ruksa kuitumia. Sharti ni moja tu, jina la mwandishi libaki. Kalifuta.

Ila maelekezo hakusoma. Simu yangu ya majaribio inaingia kwenye kila mazungumzo ya programu hiyo mpaka mtu aitoe mwenyewe. Hajaitoa! Wananong'ona wawili, wa tatu mimi.

Bosi kamjibu: "Kesho wateja wakiipenda, ukuu wa kitengo ni wako." Wataiangalia kwenye skrini kubwa.

Nimeshaandika: "Shemeji, chai tayari. Jina langu umeliweka wapi?" Sijatuma. Kesho, akishaandika "nimeiunda mwenyewe" mbele yao, ndipo nabonyeza.

Na unajua nilikuwa narekebisha nini? Hiyo simu ijitoe yenyewe.

Nimeiacha hivyo hivyo. Nitamalizia kesho, akishakunywa chai yake.