Dakika ya Themanini na Tatu

Mwaka umetimia sasa, Baba, tangu asubuhi ile ya Jumanne ulipoketi mbele ya laptopu kuukuu kuiwekea Linux, ukafariki kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho. Saa moja ulikuwa mzima, ukibishana na Mama juu ya bawaba ya kabati. Saa tano hukuwapo. Katikati hapakuwa na ugonjwa, hospitali wala kuagana. Mpaka leo tukipanga vikombe vya chai tunapanga na chako, kisha tunatazamana.

Kwa wanaosoma hapa na hawakukujua: ulianza na mashine za kuchapa. Zilipokosa wateja hukulalamika. Ulichukua bisibisi zako zilezile ukahamia kwenye laptopu ambazo watu walikuwa wamezigeuza vizuizi vya mlango. Uliziwekea Linux, mfumo usiouzwa na usiohitaji kompyuta yenye nguvu, na mashine ya miaka ishirini ikarudi kuandika barua. Mteja akikuambia kwamba yake imemchosha, anataka mpya, ulimjibu, "Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Niachie siku mbili." Wengi walikuachia siku mbili, wakarudi na laptopu ya shemeji.

Mtaani walikuita Daktari wa Vikongwe. Bibi mmoja alilisikia jina hilo akaja na goti lake. Ulimkalisha, ukamsikiliza mpaka mwisho, ukamwambia, "Shikamoo, Bibi. Hii siiwezi, spea zake hazitengenezwi tena." Alicheka hadi akalisahau goti, kisha akalikumbuka, akauliza zahanati iko wapi. Ilikuwa ng'ambo ya barabara. Ulimvusha mwenyewe, ukimshika mkono.

Kila mashine ilikuwa na ukurasa wake daftarini: jina la mwenyewe, ugonjwa wake, saa uliyoiwasha. Uliandika kama karani wa hospitali, ila pale ulipochoka kujizuia. "Feni inakoroma kuliko mimi." "Mwenyewe anasema haijaanguka. Imeanguka." Wanao tulijifunza kusoma hati ya mkono katika kurasa hizo kabla ya kufikishwa shule.

Ulikuwa na sharti moja, na tunalieleza hapa kwa sababu mengine yote yanatokana nalo. Miaka kumi na moja iliyopita ulikuwa umefika pale usakinishaji unapouliza ni diski gani ifutwe. Mama akachungulia mlangoni, akauliza ufunguo wa stoo uko wapi. Ulimjibu, na wakati unamjibu ukachagua diski isiyo yenyewe. Tasnifu ya mwanafunzi, kurasa mia mbili, ikafutika. Miezi mitatu ulikaa na yule mwanafunzi kila jioni, mkizichapa upya sura alizokuwa nazo kwenye karatasi.

Mama hukumlaumu hata siku moja. Ulisema tu, "Nikiwa nasakinisha, msinisemeshe. Hata nyumba ikiungua, moshi utaniambia." Sisi tulicheka. Mama hakucheka. Tangu siku hiyo, laptopu ikiwa mezani, alipita kwenye mlango wa karakana yako akiwa amevua ndala, amezishika mkononi.

Jumanne ile laptopu ilikuwa ya mkunga mstaafu wa mtaa wa pili, mashine nzito ya kijivu iliyokosa herufi mbili kwenye kibodi. Saa nne kamili, redio ikisoma habari, Mama alikuletea chai. Uliketi umefumba macho, viganja mezani, kama ulivyozoea wakati mashine inanakili mafaili. Alikiweka kikombe kwenye rafu ya mlangoni, kwa sababu hukuruhusu kitu cha majimaji kikaribie meza, akaondoka. Saa nne na nusu, kengele ya mapumziko ya shule ikilia, alipita tena na beseni la nguo. Hakusema kitu. Saa tano kasoro dakika kumi mkunga alifika kuchukua mashine yake. Alikuita mara mbili. Akakugusa shingo. Kisha akaenda uani alikokuwa Mama, akamwambia kwa sauti ya chini, "Njoo, mwanangu. Usikimbie."

Daktari wa zahanati alivuka barabara akakupima. Alisema ni moyo. Alisema pia kwamba kwa hali aliyokukuta nayo, huenda ulifariki saa nzima iliyopita au zaidi. Hatudhani alijua alichokitenda kwa sentensi ile. Mama alisimama akihesabu. Saa nzima au zaidi ilikuwa kabla ya chai. Alitazama rafuni. Kikombe kilikuwa kimejaa, kimepoa.

"Nimempelekea maiti chai," alisema. Ndilo neno pekee alilosema siku ile.

Mwaka mzima ameishi na jambo hilo: kwamba alikupita mara mbili ukiwa umekufa, miguu peku ili asikusumbue. Karakana hakuingia tena. Tulimwambia kwamba kikombe hakithibitishi kitu, kwani hukuwahi kunywa chai kazi ikiendelea. Alijibu, "Mnanifariji." Kwake hilo ni tusi, na wewe ndiwe uliyemfundisha hivyo.

Mimi, binti yako mkubwa, nakiri jambo. Laptopu ile ilibaki imewaka juu ya meza siku mbili za msiba. Betri yake ilikuwa imekufa, ilitegemea waya wa ukutani, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Siku ya tatu niliingia. Skrini ilikuwa inasema usakinishaji umekamilika, bonyeza Enter. Nikabonyeza. Sikuwa na sababu ya maana, ila sikuwahi kukuona ukiacha kazi hapo. Mashine ikajizima, ikajiwasha, nikaifunga na kumpelekea mwenyewe. Wakati huo sikufikiri kwamba kitufe kile kilikuwa kimehifadhi kitu. Kama ningechomoa waya, kingepotea.

Mwezi uliopita mkunga alikuja nayo, imefungwa kwenye kitenge.

"Mwanangu, hiki chombo kimekaa kabatini mwaka mzima. Nakiogopa kama mtoto wa jinni."

"Nikuchukulie?"

"Unichukulie nini? Nataka kuandika majina ya watoto niliowapokea kabla sijaanza kuyasahau. Ila baba yako alikiwekea neno la siri, akaenda nalo."

Nilitumia ile njia uliyonifundisha ya kuingia mashine inapokataa mlango. Nilipokuwa ndani nikaona faili ambalo programu ya kusakinisha Linux huliacha nyuma Enter ya mwisho ikibonyezwa: orodha ya kila hatua iliyopitiwa, kila swali lililoulizwa na wakati lilipojibiwa. Kwa mwaka mzima jibu la Mama lilikuwa kabatini mtaa wa pili, chini ya vitenge.

Saa ya mashine haikufaa. Kibetri cha kutunza wakati kilikufa zamani, na kwa hesabu yake ulikuwa ukifanya kazi miaka kumi na minane iliyopita. Lakini faili lilihesabu dakika tangu kuwashwa, na kuwashwa kulikuwa daftarini kwako, kwa mkono wako: "Saa tatu na dakika kumi na mbili." Ilibaki kujumlisha. Nilijumlisha mara tatu, kisha nikampa mdogo wangu ajumlishe bila kumwambia nilichopata.

Saa nne kamili, chai ilipokuja, ilikuwa dakika ya arobaini na nane. Baada yake ulijibu maswali manne. Dakika ya sabini na moja lilitokea swali la mwisho, lile la kuchagua diski itakayobeba kianzishi cha mfumo, kile kinachouamsha kompyuta ikiwashwa. Mama alipita na beseni dakika ya sabini na nane. Swali lilijibiwa dakika ya themanini na tatu.

Ulikuwa hai, Baba. Mara zote mbili. Na diski uliyochagua ilikuwa sahihi, nimekagua.

Nilimkuta Mama akikunja mashuka.

"Mama, ulipopita na beseni alikuwa hai."

"Nani kasema?"

"Mashine ile ya mkunga."

"Mashine ina macho?"

"Haina. Ina hesabu." Nikamwekea karatasi mbele, nikamwonyesha mstari kwa mstari. Alisoma polepole, akifuata kwa kidole, akarudia.

"Na chai?"

"Alijibu maswali manne baada ya chai."

"Kwa hiyo nilimpelekea mtu."

"Ulimpelekea mtu, Mama."

Alikaa juu ya mashuka aliyoyakunja. Nilidhani jambo limekwisha. Nimesoma kiasi cha kutosha kuamini kwamba ukweli ukifika, kazi yake imefanyika. Akanyanyua uso akasema, "Basi alikuwa hai, nami nikapita kimya."

Nilikuwa nimekwenda na jibu la swali moja. La pili sikuwa nalo. Na kulikuwa na la tatu ambalo nililiona kwenye faili, na sikutaka aniulize: kulijibu swali la diski hakukuwahi kukuchukua zaidi ya nusu dakika, na siku ile lilikungoja dakika kumi na mbili. Nilimwambia kabla hajaliona mwenyewe. Sijui kama ulikuwa ukihakiki au ukiumwa. Faili haliandiki maumivu.

Mama aliikunja ile karatasi mara mbili. Kisha akasema, "Kuna kitu sikuwaambia. Nilipofika mlangoni na beseni, aliniinulia kidole."

"Kidole gani?"

"Hiki. Kama anavyofanya siku zote. Yaani subiri, nakuja. Daktari aliposema saa nzima, nikajua nimeota. Ningewaambia nini? Maiti imeniinulia kidole? Mngesema Mama kachanganyikiwa, mngenipeleka kwa kaka zangu."

"Uso wake ulikuwaje?"

"Sikuutazama. Niliona kidole, nikaenda zangu kuanika."

Baba, nimekaa na jambo hili wiki nne na bado sijui mahali pa kuliweka. Mwaka mzima mkeo aliamini kwamba akili yake imemdanganya, kumbe alikuwa shahidi wa mwisho. Ulimwambia asubiri. Alikutii, kwa sababu ya ufunguo wa stoo wa miaka kumi na moja iliyopita.

Akauliza, "Kama ningemsemesha?"

"Sijui, Mama."

Nilikwenda zahanati kuuliza. Daktari alikumbuka. Alisema kukadiria muda wa kifo kwa macho ni kubahatisha, na kwamba anajuta kulitamka mbele ya mjane. Kuhusu kama ungepona, alisema pengine ndiyo, pengine hapana. Barabara ina upana wa hatua kumi na sita, nimezihesabu. Sitaandika hapa kwamba isingesaidia kitu. Hukutulea hivyo, na Mama anasoma gazeti hili.

Nitakalokuandikia ni lililofuata. Mdogo wangu, mwanao wa pili, ndiye aliyeshika meza yako. Wiki iliyopita alikuwa akiiwekea Linux laptopu ya fundi cherehani, ameinama, kimya, kama ulivyotuzoesha. Mama akaingia. Alikuwa amevaa ndala na alizipiga sakafuni makusudi. Alibeba kiti chake kutoka jikoni, akakiweka kando ya meza, akaketi.

"Mama, nipo kwenye diski," mdogo wangu alisema.

"Nani kakukataza? Chagua. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Mama, nitakosea."

"Kosea. Umenakili mafaili ya watu pembeni au hujanakili?"

"Nimenakili."

"Basi kosea tukusikie."

Alikosea mara mbili. Alianza upya mara mbili, na fundi cherehani hakupoteza hata picha moja, kwa kuwa kila kitu kilikuwa kwenye diski nyingine iliyofungiwa kabatini. Kazi ya saa moja na nusu ilichukua saa tatu. Hakuna aliyemwambia Mama anyamaze.

Hivyo sharti lako tumelifuta, Baba, na tunakuambia waziwazi ili usilisikie kwa wateja. Sasa mafaili yananakiliwa kwanza, na anayesakinisha akiitwa lazima ajibu. Kila baada ya dakika kumi Mama huita kutoka popote alipo, jikoni au uani, kisha husimama alivyo, akiwa na sufuria au ufagio mkononi, mpaka asikie. Kuguna hakutoshi. Anataka neno zima, na asipolipata anakuja.

Wanaokukumbuka: mkeo, binti zako wawili na mkwe wako, wajukuu zako watatu, wa mwisho hukumwona, dada yako, anayekuita bado "kijana", shemeji zako, mkunga wa mtaa wa pili, ambaye amefika jina la mia sita na arobaini, na wenye vikongwe vyao wote, ambavyo vingi vinawaka.

Kwetu hutasahaulika, siku zote za uhai wetu.