Kapteni Anataka Niache Upinde wa Mti

Edmonton, London, 14 Machi 1971. Leo ni miaka mitatu na wiki tatu tangu nitoke Kenya.

Bi Teresia mpendwa, nakuandikia kwenye safu yako ya ushauri kwa sababu hapa sina wa kumwambia jambo hili asinicheke. Mimi ni Nizar, shule niliacha darasa la sita nikauze dukani kwa baba, Kibwezi, na hapa London napakia mbao katika kiwanda cha samani, kazi ya kuvunja mgongo, na kiwandani wananiita "wewe", isipokuwa Jumamosi kwenye klabu ya mishale ya wafanyakazi, huko naitwa Nizar, kwa sababu nimeshinda mara mbili na upinde wao wa kisasa, ule wa faiba wenye kidude cha kulengea na fimbo ya chuma mbele ya kuutuliza.

Basi Oktoba iliyopita nikapata ruhusa ya mkulima mmoja nje ya mji nikawinde sungura wanaomlia kabichi, nikaenda na upinde huo huo, nikamwona mmoja hatua kumi na mbili tu, nikasema Bismillahi, nikaachia, mshale ukapanda ukamchana mgongo, akaingia shimoni nao unaning'inia, kumbe kidude nilikiacha kimepimwa kwa yadi thelathini, maana klabuni umbali tunatangaziwa na sungura hatangazi. Nilichimba kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu, sikumpata.

Tangu siku hiyo siutaki. Nikamkumbuka Jotham, rafiki yangu Mkamba tuliyekua pamoja, yeye alikuwa anamtazama kanga tu, mshale hautazami, na kanga anaanguka. Nikamwomba nyapara kipande cha mbao, nikajichongea upinde, na kila Jumamosi napiga na huo, na ukweli ni kwamba nakosa kuliko ninavyopata.

Jana kapteni wetu wa klabu, Francis, akanisimamisha mbele ya wote, akasema Mei mosi tunashindana na kiwanda cha jirani, nije na upinde wa klabu au nafasi yangu apewe mwingine. "Nizar, hatuendi kushindwa kwa ajili ya kijiti chako." Nikamjibu kijiti changu hakijamjeruhi mnyama yeyote. Wakacheka. Nyumbani nako mke wangu, Zainab, ananiambia, "Kibwezi ulikuwa Muhindi wa duka, umefika Ulaya ndiyo unataka kuwa Mkamba?"

Simwogopi Francis, na upinde wa mti siuachi, hilo usiniambie. Lakini nikitolewa kwenye timu narudi kuwa "wewe" siku zote saba. Nifanyeje? Shambani nataka kurudi Juni, na kijiti changu. Na Kibwezi, nauli ikitimia, nitarudi Desemba mwaka ujao, nikasimame karibu na Jotham nione mkono wake unafanya nini.

Nizar

JIBU

Kaka Nizar, pole kwa mbao, na pole zaidi kwa hilo jina la "wewe". Sasa kaa nikugombeze.

Mimi ni mtoto wa Makueni, nimelelewa na kaka watatu wenye mapodo ya mishale ukutani, kwa hiyo kwa habari za mishale usinizungushe. Unajisifu kijiti chako hakijamjeruhi mnyama. Hakijamjeruhi kwa sababu hujakipeleka kwa mnyama. Yule sungura hakukosewa na upinde wa klabu, alikosewa na wewe, na ukienda Juni ukiwa unakosa hivyo utamjeruhi wa pili.

Kosa lako naliona kutoka hapa. Unavuta, halafu unashikilia, unatafuta kidude ambacho hakipo. Upinde wa mti haungojwi. Ukishikilia, mkono unatetemeka. Mkazie macho unayempiga kabla hujavuta, vuta mpaka kidole kiguse pembe ya mdomo, achia hapo hapo. Tena anza hatua kumi. Kaka zangu walikatazwa kumfuata mnyama mpaka mshale wa kwanza wa asubuhi uingie kwenye boga siku kumi mfululizo. Wa pili baba hakuuhesabu, kwa sababu mnyama hakai akusubiri. Kabla ya siku hizo kumi, shamba la watu usilikanyage, iwe Juni au Desemba. Na kulungu wa huko usiwaguse kabisa, sheria yao imekataza mshale.

Zainab anauliza swali la haki. Naona hukumwambia habari ya sungura. Mwambie, na habari ya zile kucha usiifiche.

Ama Francis, hapo unataka kupakata vyote viwili, kijiti na timu. Wenzako nao wanataka kushinda, na hawakukosea. Upinde wa mti ni wako, ushike, hata mimi ningeushika. Lakini usimwache mwenzio mpaka Mei mosi akiwa hana mtu. Jumamosi ya kwanza baada ya kusoma haya, fika kabla ya wengine, mpe upinde wa klabu mkononi, mwambie atafute mwingine, na kwamba wewe utapiga na wako mwisho wa mstari, bila kuhesabiwa kwenye timu. Akikataa, shukuru uondoke. Usibembeleze.

Na jina la Nizar hukupewa na klabu, ulitoka nalo kwa mama yako. Jumatatu mtu akikuita "wewe", usigeuke. Endelea kupanga mbao zako mpaka atamke Nizar.

Teresia