Kyule Anataka Kujua Unavyopiga

Migwani, Jumapili

Ndugu yangu Nyamai,

Habari za Nairobi? Sisi tuko salama. Ndengu zimetoa maua na goti la mama limepona. Kwa vile simu hushiki, barua hii nitampa Abdiqani, anayepeleka mbuzi huko.

Wimbo wako wa kwanza nje ya bendi yenu wewe na Kyule tuliusikia redioni. Kyule aliizima redio. Tangu uwaache wenzako, bendi imevunjika, na ndugu yetu huyo hajaimba hata kanisani.

Lakini juzi nilisikia gitaa nyuma ya ghala. Nilipochungulia, nikamkuta Kyule akiupiga wimbo wako huohuo. Anafika katikati, anakwama, anaanza tena.

"Si ulikataa kuusikia?" nikamuuliza.

Akashtuka. "Nataka tu kujua hapa katikati anafanyaje. Gitaa moja linatoaje sauti mbili?"

"Si umwandikie umuulize?"

"Siwezi."

Akainamia gitaa, akajaribu tena, akakwama palepale. Kisha akasema, "Kasiva, ukimwandikia, muulize kama amelegeza uzi wa tatu. Usiseme ni mimi."

Mimi nakwambia ni yeye. Mwaka mzima hakutaja hata jina lako. Mambo ya nyuzi siyajui, ingawa sasa hata mimi natamani kujua unafanyaje. Lakini usinijibu mimi. Mpigie Kyule mwenyewe. Akishika simu na kunyamaza, usikate. Endelea tu kumweleza.

Dada yako anayekungoja,
Kasiva