Neno Uliloniachia, Dada Kemi

Dada Kemi,

Shikamoo. Najua ungenikatiza hapohapo: "Salamu fupi, kazi ndefu." Haya, nafupisha. Kiti chako bado kipo pale leba, karibu na dirisha, na hakuna anayekikalia. Hata mganga mfawidhi, anayetucheka kwa kukiogopa, akiingia anasimama tu. Tangu asubuhi ile ulipoanguka kutoka kitini ukiwa unampima mjamzito, kituo chetu hapa Isingiro hakijatulia. Wamesema ni presha. Wewe uliyepima presha za wanawake wa Kyerwa nzima, ya kwako ulimwachia nani?

Unalikumbuka neno lako? Wenzako tukipewa pole na kazi tunasema asante. Wewe ulijibu "nimeshapoa" kabla mtu hajamaliza. Siku tulipompoteza yule mama aliyeletwa kwa bodaboda kutoka kule mpakani, damu imeshamwishia njiani, ulimfunika uso, ukatoka nje kunawa mikono. Ukanawa tena. Ndoo ikaisha, ukaendelea kusugua vidole vikavu. Nikakwambia pole, dada. "Nimeshapoa, mdogo wangu. Twende, kuna mwingine." Tukaenda. Mimi nikakuona jasiri, jamani.

Asubuhi ile nilikushika mkono kabla hawajakuchukua. Ulikuwa umepoa. Neno likanijia, Dada, nikashindwa hata kulia.

Baada ya matanga wakatuletea mshauri nasaha kutoka Kayanga. Mama mtu mzima, wa ukoo wa wenye maduka pale stendi, mpole, haachi chupa yake ya kahawa ya tangawizi. Anakuja kila Alhamisi. Wamempa stoo ya zamani ya chanjo, na mlango wake unatazamana na benchi la wagonjwa! Nani aingie pale? Kaka wa maabara aliingia. Kutoka tu, benchi zima likanong'ona, "Kumbe na hawa huwa wanachanganyikiwa?" Tangu hapo Alhamisi tunapita nyuma, migombani, kama wezi wa ndizi.

Mimi nilisindikizwa na mganga mfawidhi mpaka mlangoni, nisipate pa kukimbilia. Yule mama akanimiminia kahawa, akasema, "Pole na kazi, mwanangu." Nimeshapoa, nikasema. Sikulifikiria. Lilitoka lenyewe, tena kwa sauti yako. Akaweka kikombe chini akanitazama. Akasema kila mtu wa kituo hiki anayempa pole, hata uani, anamjibu hivyohivyo; akauliza ni nani aliyetufundisha. Nikamaliza kahawa yangu, nikaondoka.

Sasa sikia kinachonitisha. Jumapili nilikuwa nyumbani tunataka kumenya ndizi. Nikanawa mikono. Mama akanishika kifundo cha mkono, akamaka kwa kilugha chetu. "Mawe! Mwanangu, mbona maji yameisha zamani?" Nikatazama karai, kavu kabisa. Vidole vyangu vilikuwa vyekundu. Mama hakuniachia mkono, na ndizi akazimenya peke yake baadaye.

Na juzi nesi wetu mpya, binti wa Bweranyange, yule ambaye kicheko chake kilikuwa kinasikika hadi barabarani, amefiwa mikononi na kichanga cha mzazi mmoja, kwa mara ya kwanza. Nikampa pole. "Nimeshapoa, dada." Halafu akavuta kiti chako, akakaa. Palepale, karibu na dirisha, mikono mapajani, kama wewe. Nilimwinua kwa nguvu mpaka akashtuka. Sikuweza kumweleza. Ningemwambia nini, kwamba kiti kinachagua?

Nimekukasirikia, Dada. Naomba unisamehe, lakini nimekukasirikia. Ungesema hata mara moja tu kwamba imekushinda, tungekaa wote pale nje tukalia, kazi ikangoja. Ulitufundisha kushona, kugeuza mtoto tumboni, kuzuia damu. Hilo la kulia hukutufundisha, na sasa neno lako linatafuta mwingine.

Kesho Alhamisi. Nakuahidi sitapita migombani. Nitamshika mkono huyu binti, tupite mbele ya benchi lote, waseme watakavyo. Naogopa, sikufichi. Naogopa neno lako litanitangulia tena mdomoni. Lakini yule mama akisema pole, nitaling'ata kwa meno.

Lala salama, dada yangu. Wewe umeshapoa. Sisi bado.

Mdogo wako wa leba