Kisima cha Namba 21

Majengo, Mpanda
Jumatano

Ndugu yangu Mwalimu Nestori,

Pokea salamu zangu. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto. Mama Donatille hajambo? Mihogo mmewahi kuianika?

Barua yako nimeipata. Unasema watu wa Lufumbi wanalalamika kwamba serikali haikuwapangia maji. Hilo ndilo kosa la wengi. Serikali ilipanga, ndugu yangu. Ilipanga mara mbili, watu wa afya kivyao na watu wa maji kivyao, na ndiyo maana mkamwana wako Vestina, aliyebakiza mwezi mmoja ajifungue, ameambiwa aje zahanati na ndoo zake mbili za maji.

Jana nilialikwa, kama mstaafu wa mipango, kwenye kikao cha vipaumbele vya mkoa. Nikauliza habari zenu. Bwana Denis wa maji akajibu kwamba kisima cha Lufumbi kipo tangu zamani, kiko kijiji namba 21, na kama zahanati haipo hapo basi huenda zahanati ndiyo iliyopotea njia. Ukumbi ukacheka. Mwenzake wa afya akasema yeye hajui namba, anajua majina. Unakumbuka enzi za makazi ya wakimbizi vijiji vyenu vilikuwa namba tu, majina yakaja baada ya ninyi kupewa uraia. Idara moja ikabaki na namba, nyingine ikashika majina.

Nilikasirika, Nestori. Niliwaambia wanapanda ngazi moja kila asubuhi, wanaazimana mpaka wino wa mhuri, lakini kwa miaka tisa hakuna aliyepanda pikipiki akaenda kuona pampu huko namba 21 inavyonywesha ng'ombe huku wajawazito wakibeba ndoo. Hadia, binti anayeandika muhtasari, akaandika "hoja imezingatiwa". Nikamwambia afute, kwa sababu likishaandikwa neno hilo hakuna anayeulizwa tena.

Kikao kilipoahirishwa hadi Jumatatu, Hadia alinifuata na karatasi kuukuu, orodha ya kuoanisha namba na majina, ile waliyoifuata watu wa maji. Akaniuliza kwa adabu kama naujua mwandiko. Mbele ya Lufumbi, penye kustahili 12, paliandikwa 21. Sahihi ya chini ni yangu. Niliisaini Ijumaa moja nikiwahi basi la Sumbawanga, sikuirudia kuisoma. Nimewafokea watu kutwa nzima, na kosa la kwanza ni langu.

Jumatatu nitasimama niyaseme hayo mbele yao. Kabla ya hapo, kesho, Hadia amewabana watu wa maji na wa afya waje huko kwa gari moja, ndiyo maana barua hii naituma kwa basi la asubuhi ikuwahi leo. Wa maji wataulizia namba, wa afya wataulizia jina.

Wasalimie nyumbani wote, na Vestina usimfiche kosa ni la nani.

Leo hii chukua rangi, andika kwenye ukuta wa zahanati, upande wa barabarani: LUFUMBI, NAMBA 12.

Ndugu yako,
Gelasius